Video ya Rabai niliyoifuta

Mwezi uliopita niliweka video ya sekunde 58 kuhusu kanisa la Mtakatifu Paulo kule Rabai. Wengi wenu mliiona. Nimesimama mbele ya mlango, mkono kiunoni, nasema "hapa ndipo yote yalipoanzia." Krapf, Rebmann, 1846, Kilimanjaro, Biblia, kwaheri, usisahau kunifuata. Ilienda vizuri kuliko video zangu zote za mwaka huu, na sitadanganya, niliringa.

Halafu shangazi akamwonyesha nyanya kwenye simu yake. Nyanya aliiangalia mara mbili. Yeye huwa anachekelea kila kitu ninachoweka, hata ile ya kupika mahamri ambayo yaligeuka mawe. Hii hakucheka. Alirudisha simu kwa shangazi na akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Na sisi umetuweka wapi?"

Mimi nilidhani anamaanisha Wakenya weusi kwa jumla. Nikaanza kueleza kwamba sekunde 58 ni chache, nyanya, watu hawana subira siku hizi. Akaniangalia tu. Shangazi ndiye aliyenivuta pembeni na kuniambia, "Jumamosi twende wote. Viatu vya kutembea. Na hiyo tripodi yako iache nyumbani."

Kwa hivyo hii ni ile safari. Ile video nimeifuta. Walioniuliza imeenda wapi, jibu ndilo hili, na ni refu, kaeni na chai.

Kwa wasiojua njia: unatoka Mombasa na matatu ya barabara ya Nairobi hadi Mazeras, halafu unaingia kulia kuelekea Kaloleni. Rabai iko juu ya vilima. Ukitazama nyuma unaona minazi, halafu minazi, halafu kwa mbali maji ya hori yanayong'aa. Krapf hakupita Mazeras. Yeye na wenzake walipanda mashua kutoka kisiwani, wakafuata hori ya Tudor kuingia bara mpaka mahali ambapo mashua haiendi tena, kisha wakapanda vilima kwa miguu. Hiyo ilikuwa njia kuu ya wakati ule. Na kinachojaza hori hiyo kutoka upande wa bara ni mito midogo, mmoja wapo Kombeni, ambao unapita kwenye mabonde ya huku kwetu.

Tulianzia kanisani. Asubuhi ile kulikuwa na mama mmoja tu anafagia uwanja. Shikamoo, marahaba, tukaingia. Ndani kuna baridi ile ya majengo ya zamani, kuta nene, na ukimya wa kukufanya upunguze sauti hata kama huna siri.

Shangazi akaniuliza, "Hili jengo ni la mwaka gani?"

Nikasema 1846. Kwa ujasiri kabisa.

"Hapana. 1846 ndiyo waliyofika. Hili ni la 1887."

Miaka 41. Kwenye video nilikuwa nimesimama mbele ya jengo la 1887 nikisema hapa Krapf alifanya hivi, Krapf alifanya vile, na Krapf mwenyewe aliondoka huku 1853, akarudi kidogo tu 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kule Ribe, na akafa kwao Ujerumani 1881. Jengo hilo hakuliona hata siku moja.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo kichwa changu kiligeuka. Krapf alifika Mombasa 1844, na mwezi wa Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Rebmann akaungana naye 1846, wazee wa Rabai wakawaruhusu kujenga karibu na kaya yao. (Hilo la ruhusa ya wazee huwa tunalirukia. Mahali penyewe paliitwa Rabai Mpya kabla wageni hawajafika. Walikuta mji wenye jina, wenye wazee, wenye kaya.) Rebmann akakaa miaka 29. Aliona theluji ya Kilimanjaro 1848, wasomi wa Ulaya wakambishia. Alizika mke. Aliandika kamusi. Akaondoka 1875 akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafa. Na katika miaka hiyo yote 29, waumini aliopata walikuwa wa kuhesabika. Wa kwanza, Mringe, alikuwa mtu mwenye ulemavu ambaye alibatizwa akiwa anakaribia kufa.

Kwa hivyo jiulize kama nilivyojiuliza mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la nyuma: ikiwa hadi 1875 waumini walikuwa wachache hivyo, miaka 12 baadaye hili jumba kubwa walikuwa wanamjengea nani?

Shangazi hakujibu. Alisema tuteremke mtoni.

Njia ya kuteremka inapita kwenye mashamba ya watu, kwa hivyo unabisha hodi nyingi. Mnazi, mwembe, mkorosho, mnazi tena. Kijana mmoja alikuwa juu ya mnazi anagema, akatusalimia bila sisi kumwona, nikaruka kama nimeona jini. Chini zaidi njia inakuwa nyembamba, udongo unageuka mwekundu kisha mweusi, na unaanza kusikia maji kabla hujayaona.

Tulienda baada ya masika, na kama hujawahi kuona bonde la pwani baada ya masika basi nakuonea huruma. Maua yametapakaa kila mahali na hakuna aliyeyapanda. Kuna lile jekundu lenye ncha za manjano, petali zimejikunja kwenda juu kama moto, linapanda kwa vikonyo vinavyoshika chochote. Zuri sana, na lina sumu, usimpe mtoto achezee. Kuna la rangi ya machungwa lenye jicho jeusi katikati. Kuna zambarau zinazotambaa kando ya njia. Mahali ambapo maji yametulia kuna yungiyungi, majani yamelala juu ya maji kama sahani. Na kuna lantana, nyingi kupita kiasi. Hiyo ililetwa kutoka Marekani ya kitropiki kama ua la bustani, na leo huwezi kuiondoa kwenye vichaka hata ukitaka.

Mimi ningepiga picha na kusonga. Shangazi alikuwa anachuma. Kila hatua kumi anainama, anakata, anatia kwenye kitambaa. Kile kidogo cha buluu ambacho kinafumba jua likiwa kali, huku tunakiita dzadza, majani yake ni mboga. Ile yenye ua la manjano lililo kama jua dogo ni mutsunga. Kama umelelewa na Mmijikenda unaijua: chungu, chungu, chungu, na ukipikiwa na tui la nazi unaomba nyongeza.

"Mtu akijificha hapa wiki moja," akasema bila kuniangalia, "hafi njaa."

Nikamuuliza nani alikuwa anajificha hapa.

Akakaa kwenye jiwe. Nikakaa. Akaniambia mambo ambayo nimeishi miaka 24 katika familia hii bila kuyasikia.

Wacha kwanza niwape historia yenyewe, halafu nirudi kwenye jiwe.

Katika miaka ya 1860 na 1870 pwani hii ilikuwa na mashamba makubwa. Malindi, Takaungu, bara ya Mombasa: mtama, simsim, minazi. Waliolima walikuwa watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka kusini, kwa njia ya Kilwa, kutoka nchi ambazo leo ni kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Kumbukeni, kilichokatazwa ni biashara ya baharini. Kumiliki mtu kulibaki halali. Meli za Kiingereza zilipokamata jahazi lenye watumwa, waliookolewa walipelekwa mahali, na ndiyo sababu Freretown ilianzishwa ng'ambo ya kisiwa. Ukipita Kengeleni leo kwenye foleni ya magari, kengele iliyopatia pale mahali jina lake ni ya watu hao.

Kwa hivyo walikuwepo mateka, yaani waliookolewa baharini, ambao sheria iliwatambua kuwa huru. Halafu kulikuwa na watoro.

Mtoro hakuokolewa na meli. Aliamka usiku shambani, akaangalia nyota, akaondoka. Mbele ya sheria ya wakati ule alikuwa mali ya mtu, na kumficha ni kama kuficha ng'ombe wa wizi. Wenye mashamba, Waarabu na Waswahili (na tuseme ukweli wote, hata baadhi ya Wamijikenda walikuwa na watumwa), walikuja juu kila wakisikia watu wao wako misheni. Kuna wakati vilisikika vitisho vya kuvamia vituo kwa silaha. Na wakubwa wa misheni, waliotaka kuishi kwa amani na Mombasa, walikuwa wameahidi kwamba watoro hawatapokelewa.

Ahadi hiyo ilikuwa ya wakubwa. Rabai yenyewe, miaka ya 1880, alikuwepo William Jones.

Kama kuna jina moja mnalipata leo, lipateni hili. Jones alikuwa Myao kwa asili. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa, akapelekwa India, akasomea kwenye kituo cha wamishonari karibu na Nasik pamoja na vijana wengine Waafrika waliopitia mkasa huohuo. Waliorudi kutoka huko ndio walioitwa Wabombei. Baadhi ya wenzao walikwenda na Livingstone kwenye safari yake ya mwisho. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa waliobeba maiti ya Livingstone hadi pwani, akahudhuria mazishi London 1874. Matthew Wellington, mwingine wao, aliishi Mombasa mpaka alipokufa 1935. 1935! Huyo mzee angeweza kusalimiana na babu wa babu yako sokoni.

Jones na mwenzake Ishmael Semler walipewa ushemasi 1885 na Askofu Hannington. Mwaka huohuo Hannington akaondoka Rabai kwa miguu kuelekea Uganda, akamchukua Jones. Walipofika kule ambako leo ni Mumias, askofu alimwacha Jones na sehemu ya msafara, akatangulia na watu 50. Kule Busoga, kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliuawa pamoja na karibu wote aliokuwa nao. Jones alisubiri wiki baada ya wiki. Alipopata hakika, akawarudisha waliobaki, kutoka karibu na ziwa hadi pwani, kwa miguu. Waliingia Rabai Februari 1886, na mbele ya msafara mtu alikuwa amebeba bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ichabod. Wasomaji wa Biblia mnajua. Utukufu umeondoka.

Vitabu vinavyosimulia habari hiyo vinamhusu Hannington, na ni sawa, mtu alikufa. Lakini mimi namfikiria mtu aliyetembea kurudi. Alikuwa mtumwa akiwa mtoto. Aliporudi Rabai alikuta watu wanaotoka vichakani usiku, miguu imepasuka, wanauliza kama ni kweli kuna mahali hapa. Alikuwa na amri ya kuwafukuza, na watu hao walizidi kuongezeka mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, ile ya IBEAC tuliyoisoma darasa la saba, ilikuja kuanza kazi Mombasa. Mwakilishi wake, George Mackenzie, alikuta wenye watumwa wamefura kwa hasira: watu wetu wako misheni, tunawataka. Ikafanywa hesabu. Ndipo ikaonekana kwamba katika vituo vya misheni kulikuwa na watoro zaidi ya 1,400, wengi wao Rabai. Walikuwa na nyumba, mashamba, watoto. Walikuwa wanakwenda kanisani. Sasa mnajua lile jumba la 1887 lilijengewa nani, na mnaweza kukisia lilijengwa na mikono ya nani.

Mackenzie hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa biashara na alihitaji utulivu. Kuwarudisha watu 1,400 kwenye minyororo kungemletea kelele Uingereza, na kutowarudisha kungemletea vita Mombasa. Akaamua kulipa. Pesa zikachangwa, na tarehe 1 Januari 1889, hapa Rabai, watoro wakapewa hati za uhuru.

Aliyelipwa ni bwana. Mimi niliposikia hilo mara ya kwanza nilikasirika na bado nimekasirika. Mtu amelima shamba lako miaka kumi bila senti, anatoroka, na mwisho wa hadithi wewe ndiye unapewa fidia. Na wale ambao hawakuwa wametoroka walibaki shambani. Utumwa kwa sheria ulikuja kukomeshwa pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 18 baada ya sherehe ile ya Rabai.

Sasa turudi kwenye jiwe.

Shangazi aliniambia kwamba bibi yake nyanya, yaani aliyemzaa baba wa nyanya, aliletwa Rabai akiwa mgongoni mwa mama yake. Walitoka upande wa Takaungu. Walitembea usiku, mchana wanalala kwenye vichaka vya mabondeni, karibu na maji. Mama alimfunga mtoto kitambaa mdomoni asilie. Alipofika juu, watu wa misheni walipofungua kile kitambaa, mtoto hakulia. Kwa siku kadhaa hakutoa sauti yoyote, mama akadhani amemharibu.

Nyanya alimjua mtoto yule akiwa mzee sana. Alimpikia uji. Anakumbuka kwamba bibi yule hakupenda mtu amfunike mdomo hata kwa mchezo, na kwamba hakuwahi kusema walitoka wapi kabla ya Takaungu, kwa sababu mama yake hakumwambia, au alimwambia kwa lugha ambayo alikuja kuisahau.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

Shangazi akasema shuleni, enzi zake, watoto waligombana, na mtoto wa kienyeji akishindwa hoja alikuwa na neno moja la mwisho la kumtupia mtoto wa misheni. Neno lenyewe mnalijua, mimi sitaliandika. Ukirudi nyumbani unalia, nyanya anakuambia nyamaza, sisi ni Warabai. Na kweli ni Warabai. Wameoana, wamezikana, wanaongea Kirabai. Lakini majina yale ya Kizungu kwenye familia yetu, ambayo mimi nilidhani ni ya babu kupenda Uingereza tu, yalitoka kwenye daftari la ubatizo, kwa watu ambao jina la ukoo wao lilipotea njiani.

Tulikaa pale kama saa nzima. Maji yanapita, kuna ndege mmoja wa buluu anapiga mbizi na kurudi tawini, na mimi nalia kidogo kidogo nikijifanya ni jasho.

Wakati wa kurudi nilikuwa nayaangalia maua kwa jicho lingine, na hapo niwape kisa kimoja cha pembeni kwa sababu kimenikaa kichwani. Kuna ua ambalo siku ile hatukuliona. Ni dogo, la zambarau, majani yana manyoya laini, na linaota kwenye mawe ya chokaa yenye kivuli katika sehemu chache za kaunti hii ya Kilifi. Liko hatarini kabisa kutoweka. Jamaa zake wa Tanga na milima ya Usambara wanauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na jina lao la kitaalamu lililoenea ni Saintpaulia. Nilidhani ni Mtakatifu Paulo, kama kanisa letu. Wapi! Ni ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyeliona karibu na Tanga mwaka 1892 na kulituma kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina lake. Alifika wa mwisho, akawa wa kwanza kwenye kitabu. Sina ubaya naye. Ila nikajiona mimi na ile video yangu.

Maana nilifanya jambo hilohilo. Nilikwenda mahali ambapo watu wangu walifika kwa miguu, usiku, nikasema pamegunduliwa na mtu aliyekuja kwa mashua.

Kuna watakaoniambia ninataka kumfuta Krapf. Hapana. Mtu aliyemzika mkewe na mtoto ndani ya mwezi mmoja na bado akakaa kuandika kamusi ya Kiswahili, huwezi kumfuta, na mimi ninayeandika Kiswahili kila siku sitaki. Rebmann naye anastahili filamu yake peke yake. Ninachokataa ni hesabu yetu. Wamishonari wawili tunawajua mpaka majina ya wake zao, na watu 1,400 hatuna hata mmoja ambaye mtoto wa shule anaweza kumtaja. Hata Jones, ambaye alijua kusoma, kuandika, na aliacha barua, hatumtaji. Baadaye alikuja kukosana na viongozi Wazungu wa misheni kuhusu jinsi walivyowatendea Waafrika, lakini hiyo nayo ni posti yake.

Na kuna watakaoniambia ninachokoza. Kwamba wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watoro leo wako darasa moja, wanachumbiana, wanashangilia timu moja, kwa nini ufukue? Nimelifikiria hili sana, kwa sababu rafiki yangu wa karibu kabisa ni wa kutoka Takaungu, na sikujua nimwambieje. Mwishowe nilimwambia tu, tukila viazi karai. Alinyamaza, halafu akasema kwao nako kuna shamba ambalo wazee hawataki kueleza waliolilima. Tukamaliza viazi. Bado ni rafiki yangu. Kimya ndicho kilichokuwa kinamwacha nyanya peke yake na jambo hili, na yule rafiki peke yake na la kwao.

Tulifika nyumbani jioni, shangazi akapika ile mutsunga. Nyanya alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Nilikaa karibu naye, nikamwambia tumetoka mtoni. Akauliza kama maji ni mengi. Nikasema ni mengi kiasi. Akauliza kama yungiyungi bado yako pale penye mawe. Nikasema yako.

Baadaye, bila mimi kumuuliza, akataja jina la bibi yake. Lilikuwa na sehemu mbili, la kwanza la Biblia na la pili nisilolijua, la lugha nyingine. Nikamwomba alirudie. Nikamuuliza linatoka wapi, linamaanisha nini. Akasema hajui, ndivyo mama yake bibi alivyokuwa akimwita wakiwa peke yao.

Nilishika simu ili nirekodi. Akaweka mkono wake juu ya simu.

"Hilo usiweke," akasema. "Yale mengine andika."

Kwa hivyo nimeandika yale mengine. Jina nimelikariri. Wiki ijayo narudi Rabai na nyanya mwenyewe, ameomba apelekwe mpaka mtoni, na shangazi anasema magoti yake hayawezi ile njia. Kama kuna mtu wa bodaboda wa upande wa Rabai anayejua njia ya kushuka isiyo na mawe mengi, niandikieni.